Kunavuja kwa Mratibu

"Hivi, Bi Kijakazi, maji ya kiyoyozi yanafaa kutawadhia?"

Aliyeniuliza ni Nasra, jirani yangu, siku ambayo mabomba ya Pangani yalikuwa yamekauka na adhuhuri imeshaadhiniwa. Alikuwa amesimama uani kwangu, birika mkononi, anaitazama ndoo yangu iliyojaa maji ya kiyoyozi cha Mheshimiwa Mratibu. Swali lenyewe lilikuwa dogo. Lakini ndilo lililozaa kamati, kamati ikazaa maazimio, na maazimio yakaifikia nyumba yangu. Kwa hiyo naona ni haki nieleze tangu mwanzo, watu wasije wakasema ofisi zetu hukurupuka.

Nyumba yangu aliniachia marehemu mume wangu, Mungu amrehemu. Ni ya mawe na udongo, imepakwa chokaa. Ukuta wake wa nyuma, ambao kando yake ndipo ninapolala na kuswali, unatazamana na nyumba ya Bwana Asheri, Mratibu wa Ofisi ya Ustawi wa Mwambao. Kati yetu ni kichochoro cha mtu kupita ubavu. Sina nyumba nyingine wala sina pa kuhamia, na Mheshimiwa analijua hilo, kwa sababu alipohamia aliniuliza.

Alipofunga kiyoyozi, boksi lake la nje lilitundikwa kunielekea mimi, na bomba la kutolea maji likakatikia juu, likawa linatiririsha ukutani kwangu. Sikulalamika. Si kila mjane anapata bahati ya kutiririkiwa na ofisi. Nilitega ndoo, ukuta ukabaki mkavu, na maji nikamwagilia mchicha.

Swali la Nasra nililipeleka kwa Maalim Uweso. Akafikiri, akasema, "Maji ni maji, madhali hayajageuka rangi wala ladha wala harufu. Ila yana mwenyewe. Kamwombeni idhini."

Tukaenda kuomba idhini. Hapo ndipo tulipokosea, kufuata utaratibu.

Ofisi ya Mratibu siku hizi iko sebuleni kwake, kwa sababu ndiko kiliko kiyoyozi, na kiyoyozi hakiwezi kwenda ofisini. Mlangoni alikaa katibu wake, Ernesti, kijana wa Kishambaa mwenye adabu zake, amevaa sweta la sufu. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola.

"Shikamoo, Bi Kijakazi. Shikamoo, Bi Nasra."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa homa?"

"Hapana, bibi. Ni agizo. Yeyote anayeingia mbele ya Mheshimiwa avae kulingana na ubaridi."

"Na ubaridi upo?"

Ernesti akatazama kushoto, akatazama kulia. "Unatarajiwa," akasema.

Tukapewa masweta mlangoni, tukaingia. Madirisha yote yalikuwa wazi. Mheshimiwa alikuwa ameeleza, katika kikao kimojawapo, kwamba ubaridi wa umma si wa kujifungia. Ni lazima mwananchi anayepita njiani aone pazia linapepea. Pazia lilikuwa linapepea kwelikweli. Upepo wa baharini ulikuwa mzuri siku hiyo. Kiyoyozi nacho kilinguruma juu ya kichwa chake kama mashine ya kusaga, na Mheshimiwa alikuwa amevaa koti na shingo yake inang'aa kwa maji.

Nikaomba idhini ya maji.

"Maji gani?" akauliza.

"Ya kiyoyozi, Mheshimiwa. Yanavuja kwangu."

Akaweka kalamu chini. "Mama, chunga sana neno hilo. Hapa kwangu hakuna kinachovuja. Mambo ya ofisi hayavuji, na vyombo vya ofisi havivuji. Nani kakutuma?"

"Maalim Uweso."

"Na yeye kayajuaje?"

Kesho yake gari lenye vipaza sauti lilipita mtaa kwa mtaa, kuanzia sokoni mpaka kivukoni, na tangazo hili likasomwa kwa sauti nzito: "Ofisi ya Ustawi wa Mwambao inawatangazia wananchi wote kwamba kiyoyozi cha Mheshimiwa Mratibu hakitoi maji, hakijawahi kutoa maji, na hakina mpango wa kutoa maji katika mwaka huu wa fedha. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu."

Tukawa watulivu. Nasra akatayamamu kwa udongo.

Alasiri ile Ernesti akaja uani kwangu, amevua sweta, anapumua kama mtu aliyetoka gerezani. Akaiona ndoo.

"Bibi, ndoo hii ni ya nini?"

"Ya kukinga maji."

"Maji gani?"

"Haya yanayodondoka, mwanangu. Hilo tone hapo."

"Tangazo hukulisikia?"

"Nimelisikia. Lilipita mara mbili."

"Basi ndoo inakinga nini?"

Nikafikiri. Mimi mtu wa swala, sipendi kubishana. "Kwa mujibu wa tangazo," nikasema, "haikingi kitu."

"Sasa ndoo isiyokinga kitu ikikaa hapa, watu wataona inakinga kitu. Huo si uchochezi, bibi?"

Akaiondoa mwenyewe, kwa heshima, maji akayamwaga kwenye mchicha. Nilimshukuru. Kila mchana tangu hapo, yale maji ambayo hayakuwapo yakawa yanaingia ukutani kwangu.

Wakati huohuo ilitangazwa Kamati ya Ubaridi. Kazi yake, tuliambiwa, ni kubaini changamoto za kiyoyozi na kuzitafutia ufumbuzi endelevu, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa anaiva kwa joto. Ernesti akawa katibu. Fundi Sabiri kutoka Muheza akawa mtaalamu. Mimi nikateuliwa mwakilishi wa wananchi, wa wajane na wa majirani wa karibu, nafasi zote tatu, ili kupunguza viti. Wengine walinicheka kwamba nimeishia darasa la saba. Nami nasema kweli, katika kamati ile darasa la saba lilinisumbua. Kila mara lilikuwa linataka kuuliza swali.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha rimoti. Mheshimiwa akibonyeza, kiyoyozi hakisikii. Kamati ikakaa, ikajadili kama kiyoyozi kimegoma au hakijaelewa lugha. Mwishowe ikaonekana kwamba betri zake zilihamishiwa kwenye saa ya ukutani siku nyingi. Tukapendekeza zirudishwe. Zikarudishwa. Kiyoyozi kikasikia, saa ikasimama saa sita na robo, na tangu siku ile watumishi wote wa ofisi ile wako mapumzikoni kabla hawajaanza kazi, au hawajachelewa, inategemea nani anaitazama.

Kikao cha pili kilikuwa cha chujio. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma lakini kinatoa hewa kama ya mtu anayekata roho. Sabiri akafungua kifuniko, akalitoa chujio. Vumbi lilikuwa limeshikana juu yake nene kama blanketi la mgeni.

"Si lioshwe tu?" nikasema. "Maji ya sabuni, likaushwe kivulini, lirudi."

Kamati ikanitazama kwa huruma.

"Bibi," akasema Ernesti, "kila mtu hapa anajua kwamba linaoshwa. Suala ni nani aoshe. Kiyoyozi ni cha Utawala. Vumbi ni la Mazingira. Sabuni iko Afya. Tukilitia maji sisi, tutakuwa tumeingilia idara tatu."

Likarudishwa na vumbi lake, likiwa limethibitishwa.

Baada ya hapo kiyoyozi kikaota barafu. Barafu nyeupe kwenye mabomba, na chumba kina joto vilevile. Mheshimiwa alifurahi sana kuiona. Akaita watu wa mtaa waje waione dirishani, akasema yapo maendeleo yasiyohitaji maelezo. Sabiri yeye alisema ni gesi imepungua.

Nieleze kidogo kuhusu fundi Sabiri. Rimoti ilipokataa, alisema gesi. Chujio lilipoziba, alisema gesi. Kiyoyozi kilipopiga kelele kwa sababu mjusi kakwama kwenye feni, alimtoa yule mjusi marehemu, akamtazama, akasema na gesi nayo imechangia. Nasra alimsikia dirishani akamtania, "We Sabiri, hata gari la machungwa likipata pancha pale Muheza, wewe utalitia gesi." Naye akajibu bila kucheka, "Inategemea, dada yangu, limepungukiwa kiasi gani."

Basi gesi ikatiwa. Joto likabaki. Madirisha yakabaki wazi. Hilo la madirisha niliwahi kulisema kikaoni, kwamba mtu hapozi bahari. Ernesti aliinama akaninong'oneza, "Bibi, tafadhali, tuna wake na watoto."

Ukuta wangu, katika mambo yote hayo, ulikuwa unalowa. Chokaa ilianza kubanduka. Kisha udongo ukawa laini, mkono unaacha alama. Asubuhi moja niliposujudu niliona jiwe la chini limetoka mahali pake, na ukuta mzima umefura kuelekea kichochoroni kama shavu la mwenye jino bovu. Nilihamisha mkeka, nikamaliza swala yangu upande wa mlango. Sikuogopa kufa. Niliogopa kubaki hai bila nyumba, maana kufa kuna watu wa kukuzika, lakini kuhamia kwa ndugu na ndoo yako ni aibu ya kila siku asubuhi.

Nikaenda kuripoti. Kamati ikaja kukagua, sote na masweta yetu. Mheshimiwa mwenyewe alikuja. Akapima kwa macho, akatikisa kichwa.

"Huu ukuta," akasema, "unakifuata kiyoyozi."

"Unakifuata vipi, Mheshimiwa?" nikauliza.

"Zamani ulikuwa mbali. Sasa umesogea. Kiyoyozi kiko palepale. Nani kamfuata mwenzake?"

Ernesti akaandika. Azimio likapita hapohapo kichochoroni: nyumba ya mwakilishi wa wananchi imekuwa hatarishi kwa chombo cha umma, ibomolewe Ijumaa baada ya swala, na kamati inamshukuru mwakilishi kwa ushirikiano wake. Tuliulizwa nani anapinga. Nikanyanyua mkono. Ikaandikwa kwamba mwakilishi alinyanyua mkono kuaga.

Ilibaki kibali cha mkoani. Hicho Ernesti alikiomba kwa simu, nami nikiwa nimekaa karibu naye kwenye baraza, kwa sababu mjumbe ana haki ya kushuhudia. Mtandao ulikuwa mbaya, maneno yanakuja na kupotea. Akaanza habari ya ukuta, ikapotea. Akaanza habari ya nyumba hatarishi, nayo ikapotea. Nikaona jasho linamtoka, na safari hii hakuwa na sweta.

"Unalowa kwa sababu gani?" nikamsikia mwanamke upande wa pili, akaja na kupotea.

Ernesti akanitazama. Kijana yule amelelewa vizuri kanisani kwao, na asubuhi ile alikuwa ameshasema uongo mmoja wa kazini. Akafumba macho, akapiga kelele:

"Nasema kwa Mratibu kunavuja!"

 Halafu sauti ikaja safi, kana kwamba mtandao nao umesogea kusikiliza.

"Kunavuja? Kwa Mratibu mwenyewe?"

"Kwake mwenyewe, mama. Nyumbani."

"Tangu lini?"

"Tangu alipohamia."

"Na yanatoka wakati gani?"

"Mchana, yeye akiwa ndani. Akiondoka tu, yanakatika."

"Nani anayapokea?"

"Wanawake wa mtaa."

"Wanayapokeaje?"

"Kwa ndoo, mama."

"Kwa ndoo!"

"Na mabirika. Tumeshawazuia, lakini mengi yalikuwa yameshatoka."

"Wakishayapokea wanayapeleka wapi?"

"Walitaka kuyapeleka kwenye swala. Mengine yako kwenye mchicha."

"Msimguse mtu yeyote," ikasema sauti. "Nakuja." Simu ikakatika.

"Wamekubali?" nikamuuliza.

"Nadhani wamekubali sana," akasema Ernesti. "Anakuja mwenyewe."

Sisi tulikuwa tunasema maji, na yule mama mkoani alikuwa anasikia mambo. Maji yanatoka, mambo yanatoka. Maji yanavuja, mambo yanavuja. Lugha yetu haikuyatenganisha, na kamati haikuwa na mtaalamu wa sarufi.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, vijana wa nyundo walikuwa wameshakaa kwenye kichochoro wanakunywa kahawa, wakisubiri neno. Kitanda changu kilikuwa uani, mkeka juu yake, na Nasra amekaa kwenye mkeka analia kwa niaba yangu. Mimi nilikuwa sebuleni kwa Mratibu, kwenye kikao cha mwisho. Gari likasimama nje. Akashuka mama mmoja mfupi, mnene kiasi, jina lake Bi Beatrisi, yule wa simu ya mkoani, na wanaume wawili wasiotabasamu. Akapewa sweta mlangoni. Akalitazama sweta, akamtazama Ernesti, akamrudishia.

"Mheshimiwa, karibu sana," akasema Bwana Asheri. "Umekuja kwa ajili ya kibali?"

"Nimekuja kwa ajili ya uvujaji."

Nilimwona Mratibu rangi inamtoka usoni kama chokaa ya ukuta wangu.

"Uvujaji?"

"Yanatoka ukiwa ndani, yanapokelewa nje, na mtaa mzima unayo. Sina haja ya kukuuliza maswali mengi, Bwana Asheri. Nataka uniambie mwenyewe, yapi yametoka na yapi bado. Ukisema mwenyewe, tutazingatia."

 Bwana Asheri akatazama madirisha yake yote yaliyo wazi, akanitazama na mimi.

"Kama ni la kiyoyozi," akaanza, "mimi nilikiazima tu. Ni kweli kililetwa kwa chumba cha wazazi, zahanati ile ya ng'ambo ya mto. Lakini kilikuwa kimekaa kwenye boksi, na wale kina mama wamezoea joto."

Bi Beatrisi hakupepesa jicho. "Endelea."

"Kama ni la ukuta wa huyu bibi, mimi sikuugusa. Nilimwambia tu Sabiri alikate lile bomba kwa upande wake. Nilisema likitiririka muda, ukuta utajiangukia kwa hiari yake. Gari langu halina pa kukaa, Mheshimiwa. Kichochoro hiki hata baiskeli inapita kwa kuomba."

Fundi Sabiri akawa anaangalia ndala zake. Kwa mara ya kwanza hakutaja gesi.

Nami nikakaa. Nilikuwa nimeswali miezi mizima nyuma ya ukuta ule, namwombea jirani yangu apate ubaridi.

"Na lile jingine?" akauliza Bi Beatrisi, kwa sauti ya mtu anayejua.

"La fedha za kisima cha mtaa nalo limetoka?"

"Lilikuwa halijatoka," akasema Bi Beatrisi. "Sasa limetoka."

Mmoja wa wale wanaume akaandika. Bi Beatrisi akanigeukia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa wewe ndiye uliyekuwa unayapokea. Usiogope mtu. Niambie, nani ndani ya nyumba hii alikuwa anakuvujishia mambo?"

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Mambo sijavujishiwa. Nimevujishiwa maji."

"Maji gani?"

Nikamwonyesha dirishani. Kiyoyozi kilikuwa kinawaka, na ncha ya bomba lililokatwa ilikuwa inadondosha, tone baada ya tone, kwenye tumbo la ukuta wangu.

"Ni hayo tu?"

"Hayo tu, mwanangu."

"Na yanatoka yeye akiwa ndani?"

"Ndipo anapokiwasha."

Bi Beatrisi aliangalia tone moja mpaka lilipofika. Kisha akatoa kichwa dirishani, akawaambia vijana wa nyundo wanywe kahawa yao waende zao, na yule mwenye nyundo kubwa, kabla hajaenda, atafute boriti auegemeze ukuta wa bibi. Nasra akaacha kulia, akasikika anauliza kama kitanda kirudi ndani sasa hivi au asubiri tangazo.

 Sebuleni kiyoyozi kilinguruma, pazia likapepea. Ernesti alikuwa ameinamia karatasi, kalamu tayari, sweta limemganda mgongoni, kwa sababu kikao kilikuwa hakijafungwa na katibu ni katibu.

"Mheshimiwa," akasema kwa adabu, "kwa ajili ya kumbukumbu tu. Niandike kunavuja, au niandike hakuvuji?"

Bwana Asheri akainuka kitini. Akapita katikati yetu, akamzunguka Bi Beatrisi, akafungua mlango, akatoka. Ernesti akaandika kwamba Mratibu naye ametoka.